Kamera Ikikufuata Jukwaani: Mwongozo kwa Mchekeshaji Anayeitwa Kwenye Dokumentari

Ukipigiwa simu na mtu anayetengeneza dokumentari kuhusu vichekesho vya jukwaani, kabla hujamjibu kama utashiriki, muulize filamu yake inamhusu nani. Jibu lake litakuonyesha utakaa naye kwa muda gani na itakugharimu nini. Zipo filamu zinazokusanya sauti nyingi. The Aristocrats ya mwaka 2005, kazi ya Paul Provenza na Penn Jillette, iliwakusanya wachekeshaji wapatao mia moja wakizunguka kichekesho kimoja kilekile, kila mtu kwa namna yake. Kwenye filamu kama hiyo unaweza kukaa kitini saa nzima, ukaonekana sekunde chache, na hakuna aliyekudhulumu. Zipo zinazomfuata mtu mmoja. You Laugh But It's True ya David Paul Meyer ilimfuata Trevor Noah huko Afrika Kusini mwaka 2009, akijiandaa kwa The Daywalker, onyesho lake la kwanza la kushika jukwaa peke yake usiku mzima. Filamu ilitoka mwaka 2011. Anayekubali kufuatwa hivyo ajue kwamba kamera itaingia mpaka kwa ndugu zake, na kwamba matokeo atayaona akiwa ameshabadilika yeye mwenyewe.

Na zipo filamu ambazo mchekeshaji ni mlango tu wa kuingilia habari nyingine: siasa, maisha ya vijana wa mjini, uhuru wa kusema. Hii aina ya tatu iangalie kwa makini, kwa sababu simu yake inafanana kabisa na simu za hizo mbili. Endelea kuuliza: nani anatoa fedha, itaonyeshwa wapi, kwa lugha gani, nani wengine wamekubali, wanategemea kumaliza lini. Mtayarishaji anayejua kazi yake ana karatasi moja au mbili zinazoeleza filamu kwa ufupi, na ana kazi ya nyuma ya kukutumia. Itazame yote. Angalia anavyowatendea watu anaowahoji: je, anawaacha wamalize sentensi? Anawaonyesha wakilia kwa sababu kilio kile kinaeleza jambo, au kwa sababu kinavutia macho? Ukiona watu wake wote wametoka wakiwa wa kuhurumiwa tu, jua na wewe ndivyo utakavyotoka.

Nasisitiza haya kwa sababu nimekaa sana kwenye vyumba vya uhariri, na nimeona jinsi kazi ya mchekeshaji inavyohamia mikononi mwa watu wengine. Jukwaani wewe ndiye mwenye muda. Unajua mahali pa kuvuta pumzi, unajua kimya kidumu kiasi gani kabla ya panchi, na ukiona meza ya upande wa kulia imepoa unaigeukia. Kwenye dokumentari yote hayo ni ya mhariri. Anaweza kukata kimya chako, akachukua uso wa mtu aliyekuwa akisoma simu yake nusu saa baadaye, akauweka mara baada ya panchi, na ukumbi uliokuwa unavunjika mbavu ukaonekana umenuna. Kwa mkono huohuo anaweza kukuokoa usiku uliochemsha. Kwa hiyo maandalizi yako yote yanarudi kwenye jambo moja: kuamua mapema utampa nini huyo mhariri, na nini kibaki kwako.

Fomu

Siku ya kurekodi, mara nyingi kamera zikiwa zimeshafungwa na watu wanakusubiri, utaletewa fomu ya ridhaa uisaini. Iombe siku kadhaa kabla. Fomu nyingi zinaomba kila kitu: sura yako, sauti yako na maneno yako, duniani kote, milele, kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa. Kwa upande wa mahojiano hilo ni la kawaida, na sioni haja ya kuligombania sana; filamu isiyo na uhakika wa watu waliomo hakuna kituo cha televisheni kitakachoinunua. Seti yako ya jukwaani ni suala jingine kabisa. Hiyo umeitunga, umeifanyia mazoezi, na ndiyo inayolipa kodi yako ya nyumba. Omba mambo haya mawili yatenganishwe, karatasi moja ya mahojiano na nyingine ya onyesho.

Kwenye hiyo ya onyesho, wekeni mipaka. Andikeni ni dakika ngapi za seti zinazoweza kuingia kwenye filamu. Andikeni kwamba kichekesho kizima hakitatolewa kama klipu ya matangazo mtandaoni bila wewe kuulizwa, na kwamba vipande vilivyobaki nje ya filamu havitauzwa wala kutumika kwenye kazi nyingine. Kifungu chochote kinachokuzuia kutumbuiza kichekesho chako mwenyewe mahali pengine kikatae palepale, hata kama filamu ni kubwa na jina la mwongozaji linakuvutia.

Fedha nazo zisemwe waziwazi. Watengenezaji wengi wa dokumentari hawamlipi mtu kwa mahojiano, kwa kuogopa ionekane wamenunua maneno yake, na naona hoja yao ina uzito. Lakini kutumbuiza ni kazi. Nauli, chakula, na Jumamosi uliyoacha shughuli ya kusherehesha harusi ili uje kurekodiwa ni mambo ya kutajwa mezani bila haya.

Sheria ipo upande wako zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hilo la pili linawahusu watumbuizaji moja kwa moja: onyesho lako kurekodiwa na kusambazwa kunahitaji ridhaa yako. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo, KECOBO. Nchi zote mbili sasa zina pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na sura yako ni taarifa binafsi. Ila kumbuka kwamba hakimiliki inalinda jinsi ulivyolisema jambo, hailindi wazo tupu. Kondakta wa daladala ni mali ya wachekeshaji wote. Maneno yako juu yake, kwa mpangilio wako, ndiyo yako. Kabla kamera hazijaja, jirekodi seti nzima kwa simu, uihifadhi mahali ambapo tarehe inaonekana.

Haki ya kuikata filamu usiiombe. Hutapewa, na mwongozaji makini ataanza kukuogopa. Kitu kinachoombeka, na ambacho wengi hukubali, ni kuitazama kabla haijafungwa ili usahihishe jina, mwaka au mahali palipokosewa, na uonyeshe kipande kinachoweza kumletea mtu madhara.

Kichekesho cha kutoa na cha kubaki nacho

Mwaka 1998, baada ya onyesho lake lililorushwa na HBO, Jerry Seinfeld aliviacha vichekesho vyake vyote vya zamani akaanza upya. Filamu iitwayo Comedian, iliyoongozwa na Christian Charles na kutoka mwaka 2002, inamfuata kwenye vilabu vidogo vya New York, tajiri na maarufu kupita kiasi, akipanda na dakika chache mbichi na kupotea katikati ya maneno. Ni filamu nzuri kwa sababu alikubali kuonekana akichemsha. Lakini Seinfeld alikuwa na jina la kumbeba. Mchekeshaji mwenye dakika kumi tu zinazouma, akizimwaga zote kwenye filamu, Jumamosi inayofuata atapanda na nini? Wimbo ukizoeleka watu wanauomba tena, ila kichekesho kikishajulikana mwisho wake kimekwisha.

Kwa hiyo gawa. Kichekesho kilichokomaa, ambacho umekizungusha Dar, Arusha na Mwanza na klipu yake imeshakaa mtandaoni, kitoe kizima. Kimeshafanya kazi yake na kwenye filamu kitakuwa kadi yako ya utambulisho. Kile ambacho bado unakilea, onyesha ukilea tu. Waache warekodi daftari, sauti ulizojirekodi ukiwa kwenye foleni, sentensi uliyoihamisha kutoka mwanzo kwenda mwisho na kwa nini. Panchi ibaki nawe. Joan Rivers: A Piece of Work, filamu ya Ricki Stern na Annie Sundberg ya mwaka 2010, ina kipande ambacho kila mchekeshaji angepaswa kukiona: makabati ya droo ndogondogo yaliyojaa kadi, kila kadi na kichekesho chake, zimepangwa kwa mada miaka na miaka. Mtazamaji anasikia vichache tu kati ya hivyo, lakini anaondoka akijua mama yule alifanya kazi kiasi gani. Hicho ndicho mwongozaji anachokitafuta kwako. Hakuja kuchukua dakika zako kumi. Anaweza kuzipata mlangoni kwa kununua tiketi.

Fikiria pia kuchakaa. Kichekesho kuhusu tozo ya mwaka huu au kauli ya waziri wa wiki iliyopita, filamu ikitoka baada ya miaka miwili, kitamtaka mtazamaji akumbuke kwanza ndipo acheke, na hatacheka. Mama mwenye nyumba, shule ya bweni, mahari, shemeji aliyekuja kutembea siku mbili akakaa miezi: hao watakuwepo tu.

Usiku wa kurekodi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maonyesho mazuri yanapoharibika na hakuna anayejua kwa nini.

Maiki unayoishika jukwaani imetengenezwa inase kinywa kilicho karibu nayo na kuziacha kelele za pembeni. Ndiyo maana sauti yako inatoka safi hata watu wakipiga kelele. Na ndiyo maana, rekodi ikichukuliwa kwenye mikisa peke yake, kicheko hakimo. Utaonekana unasema jambo zuri kwa watu ambao ni kama hawapo. Mfuate fundi sauti wa filamu mapema, kwa heshima, umuulize ameweka maiki ngapi za kunasa watazamaji. Mbili ndiyo kiwango cha chini, moja kila upande wa jukwaa, zikiwaelekea watu na kuzipa mgongo spika. Hili likikosewa usiku ule halirekebishiki tena. Mhariri atalazimika kuazima kicheko cha mahali pengine, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu ufundi atahisi kwamba kicheko kile si cha ukumbi ule.

Halafu taa. Kamera inataka mwanga na watu wanacheka kwa uhuru zaidi gizani. Ukumbi ukiwashwa wote, watu wanaanza kutazamana. Mama aliyekuwa anacheka mpaka machozi anajifunika mdomo kwa mtandio, bosi anakumbuka kwamba yuko na wafanyakazi wake. Mwombe mwongozaji atosheke na mwanga hafifu wa pembeni kwa watazamaji, na kamera zikae nyuma na ubavuni. Mpiga picha aliyechuchumaa kati yako na meza za mbele amekukatia mawasiliano na watu ambao kicheko cha ukumbi mzima huanzia kwao. MC atangaze habari ya kamera mwanzoni kabisa, na wewe usipande wa kwanza. Mtu wa pili au wa tatu anawakuta watu wameshaisahau kamera.

Wimbo wa kupandia ni mtego mwingine. Ukipanda na kibao kinachovuma, filamu italazimika kukilipia, na wasipokuwa na fedha hizo watakata kuingia kwako kote, au watafuta sauti na kuweka ngoma isiyo na mwenyewe. Panda kwa sauti ya MC. Usianze maneno ya kwanza ya kichekesho juu ya mwisho wa muziki, maana vikishaungana hakuna mhariri atakayevitenganisha.

Mavazi kwa ufupi: fulana yenye nembo ya kampuni itazibwa, shati la mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera, na kama watarekodi usiku mbili ili waziunganishe kuwa onyesho moja, vaa nguo zilezile.

Kitini

Kwenye mahojiano utabanwa maiki ndogo kwenye kola au ndani ya shati. Vua mkufu na shanga, na usivae kitenge kipya chenye wanga; kila ukipumua kitachakarisha na sauti hiyo itaonekana ni hitilafu ya mashine. Watazima feni hata kama ni Februari Dar es Salaam, watazima na friji. Mafundi sauti wazoefu huweka funguo zao za gari ndani ya friji waliyoizima, ili wasiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mwishoni wataomba kimya cha nusu dakika au zaidi warekodi ukimya wa chumba. Tulia, usichezeshe kiti. Kimya hicho ndicho mhariri atakachotumia kuunganisha maneno yako bila kushtua sikio.

Swali la mhoji mara nyingi halitasikika kwenye filamu, kwa hiyo libebe ndani ya jibu. Akikuuliza ulianza lini, ukijibu "2014" umempa kitu asichoweza kukitumia. Sema, "Nilipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 2014, kwenye ukumbi wa shule tuliouazima." Na jibu liwe na mwisho. Mchekeshaji amezoea kuacha mlango wazi kwa panchi nyingine, lakini mhariri anahitaji nukta.

Kisha kuna jambo gumu kuliko yote kwa watu wa kazi hii: kutochekesha. Kila swali linalogusa mahali panapouma, mdomo wako utakimbilia utani kabla hujafikiri. Mwongozaji mzoefu atacheka, ataupisha, atauliza tena kwa maneno mengine, na atangoja. Ungoje na wewe. Tig Notaro, ambaye Agosti 2012 alipanda jukwaa la Largo huko Los Angeles akaanza kwa kuwaambia watu ana saratani, ana filamu yake ya mwaka 2015, Tig, inayofuata maisha yake baada ya usiku ule. Kinachokaa moyoni humo ni mwanamke anayejaribu kujua atachekesha vipi baada ya hapo, na anasema hivyo waziwazi.

Utaulizwa juu ya usiku uliochemsha. Usiukwepe. Dying Laughing, filamu ya mwaka 2016 ya Lloyd Stanton na Paul Toogood, imejaa wachekeshaji wakubwa wakieleza hasa hilo, na ndizo dakika zake bora. Eleza kwa vitu vinavyoonekana: sauti ya uma kwenye sahani, mhudumu aliyepita mbele yako na soda, mtu wa nyuma aliyeuliza kama MC anarudi. Jina la mwandaaji wa usiku ule liache.

Unyamazo wa mhoji unaujua, kwa sababu nawe unautumia. Mtu akimaliza kujibu na wewe ukaendelea kumtazama bila kusema neno, atajaza pengo, na anachojazia mara nyingi ndicho asichotaka kukisema. Huna wajibu wa kujaza. Na maiki ile ya kwenye kola inarekodi ukiwa koridoni, garini, hata chooni. Uliza swichi yake iko wapi tangu mwanzo. Kwenye Comedian, kando ya Seinfeld yumo kijana Orny Adams, naye anaachia kila kitu mbele ya kamera: wivu, haraka, hasira kwamba wengine wanapita mbele yake. Wachekeshaji karibu wote wamewahi kuhisi hayo. Watazamaji wengi walitoka na picha ya kijana mwenye majivuno, na picha hiyo ilimfuata. Mimi namheshimu kwa ukweli wake, lakini naona pia alikuwa akizungumza na filamu kana kwamba anazungumza na rafiki. Mwongozaji anaweza kabisa kuwa rafiki yako wa kweli. Filamu itatazamwa na watu wasiokufahamu.

Ukiombwa historia ya fani, jiandae. Usiseme wewe ndiye wa kwanza kufanya lolote. Kabla ya vijana wa jukwaa la mtu mmoja walikuwepo Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, na Mzee Majuto, aliyetutoka mwaka 2018. Walikuwepo akina Joti na Masanja wa Ze Comedy, baadaye Orijino Komedi. Na sasa yapo majukwaa kama Cheka Tu la Coy Mzungu. Kenya kulikuwa na Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kukawa na Redykyulass, yaani John Kiarie, Walter Mong'are na Tony Njuguna, waliomwigiza Rais Moi angali madarakani, halafu Daniel Ndambuki, Churchill, akawafungulia wengi mlango. Ukiwataja vizuri, mhariri anapata uti wa mgongo wa filamu yake, na wewe unaonekana mtu wa ukoo fulani. Wenzako nao watahojiwa juu yako, na hawatasifu tu. Ndani ya filamu ya Trevor Noah wapo wachekeshaji wanaosema wazi kwamba bado alikuwa mchanga mno kwa onyesho lile. Usiombe maneno kama hayo yaondolewe. Filamu ambayo kila mtu anakusifu inafanana na tangazo.

Watu waliomo kwenye vichekesho vyako

Mama yako amekuwa jukwaani kwako miaka yote bila kupanda. Kabla ya kamera, nenda ukae naye, umwambie kichekesho kipi kitaingia kwenye filamu na kitaonekana wapi. Mke, mume, mzazi mwenzako, mchungaji wako au ustadhi wako, hali kadhalika. Wakati mwingine utaambiwa, "Mwanangu, hicho cha baba yako na mkopo kiache." Kiache. Ukumbi wa watu mia mbili unasahau. Filamu inatunzwa, na wajukuu wataitazama.

Watazamaji pia. Kama unapenda kutania watu wa meza za mbele, hakikisha mlangoni kuna tangazo kubwa, kwa Kiswahili, kwamba usiku huo unarekodiwa, na kuwe na upande wa ukumbi usiochukuliwa picha. Mtu uliyemtania aombwe saini kabla hajaondoka. Huenda amekaa na mtu ambaye kwao hawamjui, na ucheshi wako wa dakika moja ukamvunjia nyumba. Kwenye filamu ya Joan Rivers kuna mwanaume anayepaza sauti ukumbini, ameumizwa na kichekesho kuhusu uziwi kwa sababu ana mtoto kiziwi. Rivers anamjibu kwa ukali palepale, akitetea kwamba kucheka ndiko kunakotuwezesha kubeba mambo. Kisha nje ya jukwaa anasikika akimwonea huruma. Waongozaji waliviacha vyote viwili. Kama kingebaki kimoja tu, tungemfahamu mtu mwingine kabisa. Ukiona umejibizana na mtu ukumbini, mwambie mwongozaji siku hiyohiyo unataka kulizungumzia.

Vichekesho vya makabila vinahitaji uangalizi wao. Hapa Tanzania Mpare akimsema Mchaga, au Mnyamwezi akimsema Mzaramo, kuna utani nyuma yake: uhusiano unaojulikana, wenye haki na wajibu, mpaka msibani. Mtazamaji wa Ulaya au hata wa nchi jirani hajui hilo, atasikia matusi. Eleza utani kwenye mahojiano yako, kwa sentensi mbili zilizokamilika, ili mhariri awe na kitu cha kukiweka kabla ya kichekesho. Na kama hawataki kuyaweka maelezo hayo, waombe na kichekesho wasikiweke.

Siasa ni uamuzi wako mwenyewe, ila uamue ukijua. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli kusambaa mtandaoni. Kicheko chenyewe ndicho kilicholeta shida, hakuna hata panchi. Kipande cha dokumentari kinaweza kukatwa na mtu mwingine kabisa, kikazunguka kwenye simu bila kilichotangulia wala kilichofuata. Kitazame kichekesho chako cha siasa kana kwamba kimebaki peke yake, sekunde kumi na tano, bila sauti ya ukumbi. Kama bado unasimama nacho, kitoe kwa moyo mmoja.

Maandishi ya chini

Filamu ikienda nje, maneno yako yatatafsiriwa na kuandikwa chini ya picha, na hapo ndipo kichekesho cha Kiswahili hufia mara nyingi. Jicho husoma haraka kuliko unavyosema. Sentensi nzima ikitokea kwa pamoja, mtazamaji ameshaisoma panchi wakati wewe bado unavuta pumzi, na anashangaa watu wa ukumbini wanacheka nini sekunde mbili baadaye. Waombe panchi ipewe maandishi yake peke yake, yatokee pale unapolitamka neno, wala si kabla. Omba ukae na mtafsiri, hata kwa simu. Mahali ambapo mchezo wa maneno hautafsiriki, chagueni pamoja kichekesho kingine kinachotegemea hali au tabia ya mtu. Kitenzi kimoja kilichobebeshwa viambishi vitano kinachekesha Kariakoo. Kikishapasuliwa kuwa sentensi ndefu ya lugha nyingine, hakuna kitakachobaki.

Filamu ikikamilika, usitangulie kurusha vipande vyake. Matamasha mengi, kuanzia ZIFF ya Zanzibar hadi yale ya ng'ambo, yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha, na klipu yako ya mapema inaweza kuwaharibia wenzako. Hakikisha jina lako la jukwaani limeandikwa sawasawa mwishoni, pamoja na la kuzaliwa kama unalitaka lionekane. Omba mapema, kwa maandishi, dakika mbili au tatu za seti yako zikiwa zimehaririwa vizuri, na haki ya kuzitumia kutafutia kazi baada ya tarehe mliyokubaliana. Picha zao na sauti zao ni bora kuliko chochote utakachojirekodi kwa simu, na mwandaaji wa onyesho kutoka Nairobi au Kampala asiyekufahamu atakuajiri kwa kutazama hizo.

Kuitazama kwa mara ya kwanza, usiitazame ukumbini pamoja na watu. Omba kuiona faraghani, ukiwa na mtu mmoja anayekupenda na asiye mchekeshaji. Utachukia sauti yako na kimo chako, utaona panchi iliyokatwa na kipande cha kijinga kilichoachwa. Usimpigie mwongozaji simu usiku huo. Itazame tena kesho yake, uandike makosa ya kweli tu, majina, miaka na kitu kinachomdhuru mtu, kisha umtumie orodha hiyo ikiwa fupi.